Filta ya hewa: angalia upande wa pili

Nianze na bei, maana bei ndiyo iliyonifanya nifungue boneti mwenyewe. Taa ya injini iliwaka kwenye Probox yangu kaskazi ikiwa imeshika, msimu wa embe, nikishuka na mzigo kutoka ndani ya Magarini kuelekea daraja la Sabaki. Gari lilikuwa limeanza uzito siku kadhaa kabla. Ukikanyaga mafuta linafikiri kwanza, ndipo livute. Gereji moja mjini Malindi wakachomeka mashine, wakanitoza shilingi 1,500 kwa kusoma tu, kisha wakaniandikia kwenye kijikaratasi: sensa ya hewa imekufa, mpya 9,500, ufundi 1,000, acha funguo.

Funguo sikuziacha. Embe zilikuwa ndani ya gari, na embe hazimngoji mtu atafute elfu kumi. Nikazishusha sokoni, nikapitia kwa ami yangu, ambaye ameendesha malori ya chumvi ya Gongoni tangu mimi niko shule ya msingi.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekunja uso?"

Nikamweleza. Habari ya sensa hakuigusa. Aliuliza habari ya filta ya hewa: "Ea klina walibadilisha lini?"

"Sevisi iliyopita, ami. Mpya kabisa, risiti ninayo."

"Risiti haizuii vumbi. Fungua tuone."

Injini ilikuwa ya moto, tukaiacha ipoe huku tukinywa kahawa. Kisha akanionyesha lile sanduku jeusi la plastiki ambalo nilikuwa nikiliona kila nikiongeza maji ya radieta na kamwe sijauliza lina nini. Upande mmoja hewa inaingia, upande mwingine unatoka mpira mnene kwenda kwenye injini, na katikati imelala filta, karatasi iliyokunjwakunjwa yenye ukingo wa mpira. Akafyatua vibanio, akainua kifuniko, akaitoa filta.

Ilikuwa nyekundu. Nikaanza kumlaumu mwenye gereji, ami akanikatiza: uchafu wa upande huu ndiyo kazi yake, ingekuwa nyeupe ningekuwa na sababu ya kulia. Akaiweka kando bila kuitazama tena. Akaingiza kidole ndani ya kifuniko, upande ule ambao hewa ikifika inatakiwa iwe imeshachujwa, akapangusa. Kidole kikatoka chekundu kama cha bibi harusi.

"Ugonjwa wako ni huu," akasema. "Sensa haijafa. Imekula mchanga."

Tukairudisha filta ndani ya sanduku, tukaikagua ukingo kwa ukingo. Upande wa nyuma haukugusa plastiki. Njiti ya kiberiti ilipita pale bila kukwama. Kwenye ile sevisi walikuwa wamenifungia filta ya gari linalofanana na langu, si ya gari langu, na kifuniko kikafunga vizuri tu, taa haikuwaka siku ile, wala hapakuwa na kitu cha kunishtua. Vumbi likapata mlango wa uani.

Hili ndilo ninalotaka mwenzangu alishike kabla ya yote. Watu wengi tunaikagua filta kwa kuangalia jinsi ilivyochafuka. Uchafu wake unakuambia umeendesha wapi. Kinachokuambia hali ya injini ni upande wa pili, ule unaotakiwa kuwa safi. Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe kidogo, pangusa ndani ya kifuniko na mwanzo wa ule mpira mnene. Kikitoka cheupe, au na kivulivuli tu cha miaka, endelea na safari zako. Kikitoka na rangi ya barabara, kuna mahali panapovuja: filta si saizi yake, au imechanika, au kibanio kimelegea, au mpira umepasuka.

Nilipofika nyumbani nilikaa na hesabu moja ambayo ilinitisha kuliko bei ya sensa. Injini ya petroli inataka hewa takriban 14.7 kwa petroli 1, kwa uzani. Lita moja ya petroli ina uzani wa karibu robo tatu ya kilo, kwa hiyo inataka kama kilo 11 za hewa, na kilo 11 za hewa ni zaidi ya lita 9,000. Kila lita unayoilipia kituoni inavuta lita 9,000 za hewa ya mahali ulipo. Mtu wa lami anavuta hewa. Mimi ninayezunguka njia za ndani za Magarini navuta ule mchanga mwekundu ambao hata nguo zikifuliwa mara tatu haukubali kutoka. Mchanga una chembe ngumu kuliko chuma cha injini. Ukipenya unasaga ringi za pistoni na kuta za silinda polepole, na dalili zinakuja baadaye sana: gari linaanza kula oili, moshi unageuka wa buluu, na hapo hatuzungumzii tena filta ya mia chache.

Sensa nayo, inayopitiwa na hewa ikishachujwa, ina siri yake. Ndani mna uzi mwembamba wa platinamu unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, na kompyuta inapima umeme unaohitajika kuurudishia joto lake. Kwa njia hiyo inajua hewa kiasi gani imeingia na petroli kiasi gani imwagwe. Vumbi likiganda juu ya uzi, hewa haiupozi ipasavyo, kompyuta inadhani hewa ni haba, inapunguza petroli, na gari linakuwa zito. Ile mashine ya gereji ilikuwa imeandika P0171, yaani petroli haitoshi kwa hewa iliyoingia. Namba hiyo haikusema sensa imekufa. Hayo walisema wao. Ukiisoma namba hiyo kwenye gari lako, kabla ya kununua chochote kagua kwanza kama kuna hewa inayoingia kwa njia za panya, hasa kwenye mpira unaotoka kwenye sanduku la filta na bangili zinazoubana.

Dawa ya kusafishia sensa niliipata kwenye duka la spea kwa 1,100. Iwe ni dawa ya kupuliza iliyoandikwa kuwa ni ya sensa ya hewa. Muuzaji alitaka kunipa ya breki, eti ni kitu kile kile na ni nafuu. Si kitu kile kile, zipo zinazoharibu plastiki na kuacha mabaki kwenye uzi. Nikachomoa plagi ya waya kwa kubonyeza kifungo chake (usivute waya), nikafungua skrubu mbili kwa bisibisi ya nyota, nikapuliza bila kugusa ndani kwa kidole wala pamba, nikaiacha ikauke yenyewe juu ya gazeti. Ule uzi ni mwembamba kiasi kwamba ukiugusa tu umeukata, na hapo ndipo utakapolipa zile 9,500 kwa haki.

Kununua filta kulinichosha kuliko kuifunga. Nilikwenda na ile ya zamani mkononi nikidhani nimefanya busara, kumbe ndiyo isiyofaa. Muuzaji wa kwanza aliipima na akaniletea pacha yake. Dawa ni kwenda na maelezo ya gari: aina, mwaka, na namba ya chesisi iliyo kwenye kibati, kisha kupima ndani ya sanduku lako lenyewe kabla hujaondoka dukani, kama gari liko nje. Langu lilikuwa nje. Nilifungua boneti pale pale barabarani, muuzaji akinitazama kama mtu anayejaribu viatu sokoni bila haya, na nikairudisha ya kwanza.

Bei nilizokutana nazo zilikuwa kati ya 450 na 2,200. Ya bei ya chini niliikataa kwa sababu ya ukingo: mpira ulikuwa mgumu, ukiubonyeza haurudi, na kwenye kona moja gundi ilikuwa imeacha tundu. Ukingo ndio wa kukagua. Karatasi inaweza kuwa nzuri vipi, kama mpira hauketi sawasawa hewa itapita pembeni, kwa sababu hewa inapenda njia rahisi kama kila kiumbe. Angalia pia mikunjo iwe imekaa kwa mpangilio, isiyolaliana. Nikachukua ya 900, nikaridhika nayo.

Sasa kuifunga. Watu watakuambia ni kazi ya dakika tano, na ni kweli. Lakini hapa kwetu chagua wakati. Kaskazi ikishapata nguvu, uwanja wangu unajaa mchanga unaoruka, na kufungua sanduku la filta saa hizo ni kulisha injini kwa mkono. Mimi hufanya alfajiri baada ya swala, upepo ungali umelala, gari nimelitoa chini ya mwarobaini kwa sababu ya majani.

Kabla ya kufungua chochote pangusa nje ya sanduku kwa kitambaa chenye unyevu. Hili fundi hata mmoja sijamwona akilifanya. Vumbi lililo juu ya kifuniko na kwenye vibanio litadondokea ndani ukiinua, tena litadondokea upande ule safi. Ukishafungua, itoe filta ikiwa imelala vile vile, usiigeuze juu ya sanduku, na angalia ilivyokaa, upande upi ulitazama juu, ili mpya ikae hivyo hivyo. Sanduku pangusa kwa kitambaa, usipulize. Kwenye sakafu ya sanduku langu nilikuta mbawa za kumbikumbi zimejaa kona nzima, za zile mvua za vuli nilipokuwa nikirudi usiku, na chini yake kitundu kidogo cha kutolea maji kikiwa kimezibwa na mchanga ulioganda. Nikakizibua kwa mti wa meno. Maji yakiingia yakakosa pa kutokea, karatasi inalowa, na karatasi iliyolowa inalegea.

Mkasa ulinipata kwenye vibanio. Mimi naishi karibu na bahari, na chumvi ya Malindi haimwachii mtu chuma. Cha pili kilikuwa na kutu kwa ndani, nilipokirudisha kikakatika na kuruka mbali, sijakipata hadi leo. Siku ile nilibana kwa kamba ya plastiki ili nifike mjini, lakini usitembee hivyo kwenye vumbi, kifuniko kinacheza. Kwa wauza spea zilizotumika nilipata kifuniko kizima na vibanio vyake kwa 800. Tangu hapo navipaka grisi kidogo kwa nje, kidogo sana, isifike ndani.

Filta mpya ikishaketi, pitisha kidole kuzunguka ukingo wote na kuubonyeza. Kifuniko kikae chenyewe bila kulazimishwa. Kikihitaji nguvu, kuna kitu hakijakaa. Hakikisha hujaacha kitambaa ndani. Washa, na usikilize: mluzi mwembamba kwenye sanduku ni hewa inayopita pasipotakiwa. Na usiwashe hata kidogo filta ikiwa nje, hata kwa kujaribu.

Taa yangu haikuzimika siku ile. Ilizimika yenyewe baada ya kuendesha kwa muda, kompyuta iliporidhika. Uzito wa gari uliondoka mara moja, na hiyo ilinitosha kujua.

Kuna ubishi ambao lazima niuguse, ule wa kupuliza. Nenda kwa fundi wa pancha yeyote kuanzia hapa hadi Mambrui, utakuta mtu anapuliziwa filta kwa kompresa, au anaipigapiga kwenye tairi, vumbi likipanda mawinguni na yeye akitabasamu. Inaonekana kazi imefanyika. Upepo wa kompresa unaweza kutoboa karatasi vitundu usivyoviona kwa macho, na kuipiga kunapinda ukingo. Kuosha kwa maji ndiyo mbaya zaidi, karatasi ile haikuumbwa kwa maji. Nikitaka kujua kama filta yangu bado inafaa, naingia nayo chumbani gizani na kuweka tochi ya simu nyuma yake. Nuru ikipita kwa ufifi kwenye mikunjo mingi, bado ipo hai. Isipopita kabisa, imeziba. Nikiona nukta moja inayong'aa kuliko kwingine, hiyo ni tundu, natupa hata kama ilinunuliwa wiki iliyopita.

Ami, lakini, hapatani nami hapa kabisa. Alianza na Land Rover zile za zamani ambazo hewa yake ilichujwa kwa kupitia bakuli la oili, unamwaga oili chafu, unaosha, unatia nyingine. Kwake yeye kutupa kitu ambacho bado kina umbo ni israfu. Tumeacha kubishana, kila mtu na gari lake.

Jambo jingine lililonishangaza ni kwamba kuifunguafungua mno nako ni hasara. Filta ya karatasi inachuja vizuri zaidi ikishapata tabaka jembamba la vumbi, kwa sababu vumbi lenyewe linasaidia kunasa vumbi jingine. Kila ukiifungua unahatarisha kuangusha mchanga upande safi na kuharibu ukaaji wa ukingo. Kwa hiyo mimi siigusi kwa wasiwasi. Naangalia kila nikibadilisha oili, na kwenye kaskazi, wakati wa embe, naweka jicho la ziada. Vitabu vya magari vinataja makumi ya maelfu ya kilomita kwa barabara safi, na vinasema penye vumbi upunguze. Kwa njia zangu mimi naibadilisha kila sevisi ya pili, na sioni uchungu wa 900.

Kama unafanya haya ukitarajia kupunguza mafuta, punguza matarajio kwanza. Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilipima jambo hili mwaka 2009 na kuona kwamba kwa magari ya injeksheni filta iliyoziba haiongezi ulaji wa mafuta kwa kiasi cha maana, kwa sababu kompyuta inapunguza petroli kulingana na hewa. Kinachoshuka ni uwezo wa gari kuongeza mwendo. Gari la kabureta, lile la zamani, ndilo lililoonyesha tofauti kwenye mafuta. Mimi mwenyewe kituoni sijaona nafuu yoyote, na anayekuambia ameona mwulize gari lake ni la mwaka gani. Tunabadilisha filta ili injini iishi, na ili tupande kile kilima baada ya Sabaki bila kuwapisha bodaboda.

Binamu zangu wa Lamu mjini wanacheka mambo haya yote, wao vumbi lao linapita miguuni mwa punda na hakuna anayelipia sevisi. Walio Mokowe upande wa bara hawacheki sana.

Usichanganye pia filta hii na ile ya AC, ambayo kwa magari mengi imekaa nyuma ya kisanduku cha dashibodi cha abiria. Ile ni ya mapafu yako. Gereji moja iliwahi kumtoza jirani yangu filta mbili na kumwekea moja, na hakujua kwa kuwa hakujua ziko mbili.

Hivi majuzi shemeji yangu alikuwa ananunua Fielder iliyotumika huko Watamu, akaniomba nimsindikize. Rangi inang'aa, matairi mapya, na muuzaji akafungua boneti mwenyewe kutuonyesha filta nyeupe ambayo hata wiki haijamaliza. Shemeji akaridhika. Nikaomba ruhusa, nikaitoa, nikapitisha kitambaa kwenye mpira nyuma yake, upande wa injini. Kilitoka na udongo mwekundu, mwingi, wa zamani, ulioganda na unyevu wa oili. Nikachomoa kijiti cha oili, nacho kilikuwa chini ya alama. Muuzaji akaapa kuwa gari halijawahi kutoka lami tangu alinunue. Shemeji akamkabidhi kile kitambaa bila kusema neno, akashusha bei kwa 60,000, na muuzaji hakubisha sana. Nimemwambia pesa hizo asizile, aziweke kando kwa ajili ya ringi za pistoni.